Asiyeitika Hufuatwa

Nina heshima kubwa kutangaza, kwa niaba ya wakazi wote wa Mashimoni, Kibera, ambao hawakunituma, kwamba katika mwaka ule wa 2020, nchi ilipofungwa na kila mdomo ukafunikwa, nyumba ya mama Syombua ilikuwa na Mkurugenzi wa Mawasiliano. Mkurugenzi alikuwa na ofisi, saa za kazi na mitambo. Ofisi ilikuwa kitanda. Saa za kazi zilikuwa saa tatu mpaka saa tatu na nusu asubuhi. Mitambo ilikuwa simu moja ndogo ya kabambe, mali ya mama yake, iliyofungwa kwa mpira ili betri isidondoke kwenye chai.

Mkurugenzi mwenyewe alikuwa Nyamai, kitinda mimba wa Syombua, umri miaka thelathini na minne. Hakujua kusoma, hesabu zake ziliishia kumi na mbili, na kufunga kamba za viatu kulimchukua muda wa kuchemsha maharagwe. Watu wa Mashimoni wenye adabu walisema ana ulemavu wa akili. Wasio na adabu walisema mengine, na Syombua aliwajua wote kwa majina.

Kabla ya korona, kila siku ya kazi, Syombua alitembea naye kutoka Kibera hadi Kawangware. Huko, nyuma ya kanisa moja, kulikuwa na ukumbi wa mabati ambamo watu wazima kama Nyamai walishona mikeka, waliimba, waligombana na kupatana. Syombua alimwacha hapo, akaenda kufua nguo za watu kwenye maghorofa ya karibu, na jioni wakarudi pamoja. Mwezi wa tatu kituo kikafungwa. Nyamai aliambiwa kuna ugonjwa. Akauliza unaisha lini. Hakupata jibu, na kwa kweli hata waliosoma hawakuwa nalo.

Hapo kituoni kulikuwa na sheria moja tu iliyoheshimiwa, nayo ilihusu chai. Kila asubuhi Mwalimu Angeline aliita majina, na chai haikumiminwa mpaka kila jina liitikiwe. Jina likikosa mwenyewe, wawili walitumwa kumfuata kwao. Safari moja Nicanor alijificha nyumbani kwa sababu suruali yake ilikuwa imepasuka nyuma. Walimfuata, wakamzunguka kama ukuta mpaka kwa fundi wa cherehani kando ya barabara, na chai ya siku ile ikanywewa saa sita. Hakuna aliyelalamika. Asiyeitika hufuatwa. Waliijua sheria hiyo kuliko Amri Kumi.

Kwa hiyo kituo kilipofungwa, Mwalimu Angeline aliihamishia rejista kwenye simu. Aliunganisha simu nne kwa mpigo, na kundi la Nyamai lilikuwa la kwanza. Nyamai aliweka loudspeaker, nyumba nzima ikanyamaza.

"Kagiri."

"Nimekunywa uji. Nimejichoma ulimi."

"Pole. Nicanor."

"Niko. Kuku wa jirani pia yuko."

"Nyamai."

"Niko Mashimoni. Nimevaa viatu."

"Unaenda wapi na viatu?"

"Siendi. Nimevaa tu."

"Wagaki."

Wagaki hakuwahi kuitikia kwa maneno. Alicheka. Kicheko chake kilianzia puani, kikapotea, ukadhani laini imekatika, halafu kikarudi kikubwa na kuwashika wote mmoja baada ya mwingine. Hayo ndiyo maambukizi pekee ambayo serikali haikuyawekea kafyu.

"Wote wako?" Mwalimu aliuliza.

"Wote wako."

"Basi tunywe."

Na katika nyumba nne, Kibera na Kawangware, vikombe viliinuliwa kwa pamoja, ukasikia simu ikifyonza chai.

Syombua aliipenda nusu saa hiyo kuliko ibada. Nyumba ilikuwa futi kumi kwa kumi, pazia moja, watu wanne: yeye, Nyamai, mwanawe mkubwa Muia, ambaye ni seremala, na Yvonne, binti wa Muia. Mamake Yvonne alikuwa kazini Mombasa barabara zilipofungwa, akafungiwa huko. Kuhusu huyu Yvonne sina mengi. Alikuwa na miaka kumi na sita, alirudishwa kutoka shule ya bweni na sanduku lake la bati, na alikuwa mtulivu, mtiifu, mpenda vitabu. Hahusiki sana na habari hizi. Tumwache asome.

* * *

Kuelekea mwisho wa mwezi wa sita, siku ya Jumatatu, Mwalimu Angeline alikohoa mara tatu katikati ya majina. Jioni ukaja ujumbe kwenye simu ya Syombua. Yvonne aliusoma kwa sauti: "Nimeambiwa nijitenge siku kumi na nne. Sauti imeenda kabisa. Nitapiga nikipona. Tuombeane."

"Siku kumi na nne," Nyamai alirudia. Hizo zilikuwa mbili zaidi ya hesabu zake.

Jumanne alivaa viatu, akaketi kitandani na simu mkononi. Saa tatu ikafika, ikapita. Syombua alimwekea chai. Hakuigusa.

"Kunywa, Nyamai."

"Hatujaitwa."

"Mwalimu ni mgonjwa. Hataita leo."

"Basi hatujaitwa."

Hakunywa chai, na kwa kuwa chai ndiyo iliyofungua siku, siku haikufunguka. Mchana hakula. Jioni alimega ugali mara mbili, akauweka kando. Usiku kucha alijigeuza. Jumatano alianza kutembea kutoka kitandani mpaka mlangoni, hatua nne, na kurudi, hatua nne, mpaka mama wa nyumba ya pili akagonga ukuta wa mabati kuuliza kama kuna mtu anahamisha vyombo.

"Mwaitu," Muia alimwambia mama yake kwa Kikamba cha mapenzi na sauti isiyo na mapenzi, "huyu atatutia wazimu. Mimi sina kazi, nyumba ni ndogo, na yeye anapiga doria. Barabara zikifunguliwa apelekwe Kitui kwa shangazi. Huko kuna uwanja wa kutembea."

"Na marafiki zake?"

"Mbuzi watakuwa marafiki."

"Shangazi yako alimfunga kamba kiunoni, Muia. Mara ya mwisho. Alimfunga kwenye mti kama hao mbuzi."

Muia alivaa barakoa, akatoka nje. Alikuwa mtu mzuri aliyekosa kazi miezi mitatu, na mtu mzuri wa aina hiyo huwa mkali kwa jambo lililo karibu.

Alhamisi Syombua alitoka mapema, akatembea mpaka Kawangware kujaribu bahati. Madamu wa ghorofa ya tatu, aliyemfulia miaka sita, alimsimamisha getini, akatoa chupa na kumpulizia dawa mikono, halafu gauni, halafu, baada ya kufikiria kidogo, viatu. Syombua alisimama akipuliziwa huku mlinzi akitazama pembeni kwa heshima.

"Sasa naingia, madamu?"

"Hapana, mama. Hiyo ilikuwa tu juu ya vile umekuja karibu. Urudi hii kitu ikiisha."

Akarudi Kibera akinuka hospitali. Alikuta mlango wazi. Simu ilikuwa kitandani. Nyamai hakuwepo, na viatu havikuwepo.

* * *

Kilichotokea asubuhi hiyo ni hiki. Saa tatu kamili simu ililia. Kagiri akaitwa, akaitika. Nicanor akaitwa, akaitika, na kuku pia. Wagaki akaitwa. Kimya. Akaitwa tena. Kimya. Sauti ikasema, "Wagaki hayupo." Nyamai akainuka. Alivaa barakoa yake, akachukua nyingine safi kwenye kamba kwa ajili ya Wagaki, akaiweka mfukoni. Alinawa mikono kwenye mtungi wa mlangoni, maana hata mwenye haraka hunawa. Akatoka.

Nelima, mwenye kioski cha maji, alimwona akipita.

"Alisema Wagaki hayupo, anaenda," Nelima alimwambia Syombua. "Mimi nikadhani wewe ndiye umemtuma."

"Nimtume wapi, Nelima? Polisi wako barabarani na rungu. Yeye akiulizwa kitu hunyamaza. Unajua wanavyofanyia mtu anayenyamaza?"

Syombua aliichukua simu kitandani, akakimbia mpaka Raila, kijiji cha upande wa pili wa Kibera, ambako Muia alikuwa ameketi kwenye banda la useremala akingoja wateja pamoja na maseremala wengine waliokuwa wakingoja wateja. Njiani aliuliza kila mtu. Mmoja wa wauza makaa akamuuliza, "Unatafuta yule zuzu?" Syombua alisimama licha ya haraka yake.

"Anaitwa Nyamai," akasema. "Mimi hukuita kwa jina lako, na sijawahi kununua makaa yako yakawaka."

Walikuwa bado wanabishana na Muia waanzie wapi wakati simu ilipolia. Ilikuwa namba ya Wagaki. Sauti haikuwa ya Wagaki.

"Nyinyi ndio watu wa Nyamai?" mwanamume aliuliza. "Kujeni mumtoe kwangu kabla sijaita polisi."

* * *

Mwanamume huyo alikuwa Wainaina, kaka yake Wagaki. Familia yao ilikuwa na ploti Kawangware tangu enzi za babu, nyumba za kukodisha mstari mzima, na geti la chuma lililopakwa rangi ya kijani. Si mtu mbaya. Alikuwa na dada mwenye miaka ishirini na tisa ambaye angemfuata mtu yeyote aliyemchekea, na aliogopa jambo ambalo kila mwenye dada kama huyo huliogopa.

Syombua na Muia walipofika, Nyamai alikuwa kwenye stoo ya kando ya geti, katikati ya mikebe ya rangi, mikono imefungwa nyuma kwa kamba ya nguo. Barakoa ilikuwa usoni bado. Ile ya pili ilikuwa imeanguka sakafuni. Dirishani juu, Wagaki alikuwa akigonga kioo kwa kijiko.

"Niambieni," Wainaina alisema. "Mwanaume mzima anakuja kwa geti. Namuuliza, unataka nini? Ati nimekuja kumchukua Wagaki. Kumchukua kumpeleka wapi? Hasemi. Dada yangu ameshavaa sweta. Nyinyi mngefikiria nini?"

"Alikuwa anamfuata tu," Syombua alisema. "Ni sheria yao ya kituo."

"Kituo kimefungwa, mama."

"Wanaitwa kwa simu. Asiyeitika hufuatwa."

"Nani alimwita leo?"

Wote walimgeukia Nyamai.

"Tuliitwa," Nyamai alisema. "Wagaki hakuitika."

"Nani aliita?"

Nyamai aliangalia mikebe ya rangi.

Muia alipiga simu kwa Mwalimu Angeline. Sauti iliyojibu ilikuwa mkwaruzo mtupu, ikabidi waizunguke simu. Mwalimu alisema hajapiga tangu Jumatatu. Hawezi kumwita hata paka. Muia akafungua orodha ya simu zilizoingia kwenye kabambe ya mama yake. Jumatatu ilikuwepo. Alhamisi hapakuwa na chochote kabla ya simu ya Wainaina mwenyewe. Akampa Wainaina aone.

"Basi ni uongo," Wainaina alisema polepole. "Ama ni jambo baya zaidi."

"Yeye hajui kudanganya," Syombua alisema, lakini alisema hivyo akitazama ile simu, na sauti yake ikaishiwa nguvu mwishoni mwa sentensi.

Ndipo Syombua alipopiga magoti. Juu ya kokoto za getini, gauni likiwa bado linanuka dawa, alimshika Wainaina mguu wa suruali, akamwomba amfungue mwanawe na asiite polisi, maana polisi hawangemuuliza mara mbili. Wainaina aliona aibu. Alimwambia ainuke, mama, tafadhali. Alikata kamba mwenyewe. Lakini alisema pia kwamba Wagaki hatashika simu tena, na huyu akionekana tena getini kwake, hatapiga simu kwa mtu, atapiga nduru.

Njiani Nyamai aliuliza jambo moja tu.

"Barakoa ya Wagaki imebaki. Nani atampa?"

Muia aliongeza mwendo.

* * *

Muia alinunua kufuli. Kuanzia siku hiyo, Syombua akitoka, mlango ulifungwa kwa nje, na Nyamai alitembea hatua zake nne gizani, maana dirisha la nyumba lilikuwa ndio huo mlango. Watoto wa ploti walikuja kuchungulia kwenye tundu la msumari. Mmoja akauliza kama huuma.

Kilichomtesa Syombua hakikuwa kufuli. Miaka thelathini na minne alikuwa amewaambia walimu, mapasta, manesi na wauza makaa kwamba mwanawe haelewi mengi ila akisema kitu kimetokea, kimetokea. Sasa alimketisha kitandani akamuuliza kwa upole, kama vile wageni humuuliza.

"Nyamai. Uliota?"

"Hapana."

"Simu ililia?"

"Ndiyo."

"Nani alikuwa anaongea?"

Macho chini.

"Mbona husemi, mwanangu? Unanificha nini mimi?"

Nyamai alimpapasa bega mama yake mara mbili, kama anayempa pole, akarudi kutembea. Na Syombua, aliyemzaa, akajikuta akiwaza vile Wainaina alivyowaza. Ni mwanaume mzima. Huenda sijui kilichomo kichwani mwake. Aliona haya kwa wazo hilo, akaenda nje kuosha sufuria iliyokuwa safi.

Yvonne naye, nasikia, alikosa hamu ya kula siku zile. Labda ni hali ya hewa.

Siku kumi na nne za Mwalimu zilipoisha, siku ya Jumatatu, redio ilitangaza kwamba kuanzia alfajiri watu wataweza kutoka na kuingia Nairobi. Mashimoni ilishangilia. Wengine walipiga sufuria. Muia alizima redio, akachukua begi la Nyamai lenye zipu iliyokufa, akatia ndani mashati mawili, blanketi na ile suruali ya kanisani.

"Basi linaondoka saa tano," akasema. "Nimeongea na shangazi. Ni mpaka tu hali itulie, Mwaitu."

"Miaka mingapi ni mpaka tu?"

"Sasa unataka nifanye nini? Niambie wewe. Wainaina akiamka vibaya siku moja aripoti, ni nani atamtetea? Atasema nini huyu? Ataangalia sakafu."

Syombua alikunja sweta, akaliweka juu ya blanketi, na kufanya hivyo kulikuwa kukubali.

* * *

Jumanne, saa tatu kasoro, Nyamai alikuwa ameketi kitandani na viatu, begi miguuni. Syombua alikuwa amepika chai ya maziwa, akamimina vikombe vinne, kwa sababu ilikuwa asubuhi ya mwisho. Saa tatu kamili simu ililia.

Mwalimu Angeline alikuwa amepona. Sauti ilikuwa nyembamba bado, lakini ilikuwa yake.

"Kagiri."

"Niko. Nilikungoja sana. Nilikungoja mpaka nikakasirika."

"Nisamehe. Nicanor."

"Niko. Kuku amechinjwa."

"Pole. Nyamai."

"Niko Mashimoni. Naenda Kitui."

"Nimesikia, Nyamai. Tutaongea. Wagaki."

Hakuna kicheko. Mwalimu hakuita mara ya pili. Alijua, maana Wainaina alikuwa amemwambia.

"Wagaki hayupo," alisema.

Kwenye simu hakuna aliyekunywa chai. Ulisikia Kagiri akipumua.

"Nani anamfuata?" Kagiri aliuliza.

"Kagiri, wiki hii hatuwezi..."

"Nani anamfuata, Mwalimu? Chai inapoa."

Nyamai aliangalia mlango. Aliangalia kufuli lililoning'inia kwenye komeo. Akasimama, na Muia naye akasimama haraka, mikono imetanuliwa, kama kipa. Lakini Nyamai hakwenda mlangoni. Aliinua simu na kuinyoosha. Hakuielekeza kwa kaka yake wala kwa mama yake.

"Yvonne," akasema. "Wewe uliita Alhamisi ile, mimi nikaenda. Leo ni wewe."

* * *

Basi. Msimulizi ameshikwa, na hakuna pazia la kujificha nyuma yake.

Yvonne ni mimi. Si mtulivu. Shuleni najulikana kwa kuiga sauti. Nimewahi kulituma bweni zima kulala saa moja jioni kwa sauti ya matroni, na nikapewa wiki mbili za kufagia. Ile Alhamisi nilikuwa kwenye foleni ya maji na rafiki yangu Ciru na wenzake, tumechoka na kukaa bure. Niliazima simu ya Nelima, nikajificha nyuma ya kioski, nikapiga nyumbani. Nilifanya sauti ya Mwalimu, kikohozi na vyote. Nikafanya Kagiri. Nikafanya Nicanor, na kuku. Ciru alikuwa ameketi chini, anacheka mpaka machozi.

Nilipofika kwa Wagaki nilikwama. Kile kicheko hakiigiki. Nilijaribu mara mbili, ikatoka pumzi tu. Kwa hiyo nikasema, "Wagaki hayupo," nikakata. Baadaye nilipoona nyumba haina mtu, niliingia kabla ya Susu, nyanya yangu, kurudi, nikaishika kabambe yake na kuifuta namba ya Nelima. Halafu nikarudi kwenye foleni, nikiwa mtulivu na mtiifu.

Ningependa kuandika kwamba nilifanya yote hayo ili Anko Nyamai ale. Nilifikiria hilo, ni kweli. Lakini nilifikiria pia kicheko cha Ciru, na sijui kipi kilikuwa kikubwa.

Nilisema yote, pale kitandani, Mwalimu akisikia kwenye loudspeaker. Baba hakunipiga. Aliling'oa kufuli kwenye komeo, akalitia mfukoni, akasema, "Vaa viatu. Utayasema hayo kwa mwenye geti." Susu alichukua kikombe changu, akarudisha chai yote kwenye thermosi, akaifunga. Halafu akaenda kwa Anko, akapiga magoti kwa mara ya pili katika wiki mbili, akaanza kumfunga kamba za viatu.

Tulitembea watatu: Baba mbele, mimi na Anko nyuma. Kwenye Ngong Road polisi walituangalia, wakaona barakoa tatu, wakaachana nasi.

"Anko, ulijua ni mimi?"

"Ndiyo. Mwalimu hasemi haraka hivyo."

"Mbona hukuwaambia?"

"Ungepelekwa Kitui." Alifikiria. "Wewe huwezi Kitui. Choo kiko mbali."

"Na kama ulijua ni mchezo, mbona ulienda?"

Aliniangalia kama mtu anayeshangaa karo yote ile inalipiwa nini.

"Wagaki hakuitika."

"Hakuwa kwenye simu, Anko. Hata hakupigiwa."

"Basi," akasema. "Hakuwepo."

Geti lilifunguliwa na Wainaina mwenyewe, akiwa na slipa na mswaki mdomoni. Alipomwona Anko aliutoa mswaki. Baba akainua mikono miwili juu, akasogea pembeni, nikabaki mimi.

Nilikuwa nimejiandalia hotuba njia nzima, ina "mheshimiwa" na "kwa unyenyekevu". Haikuja. Nilimwambia tu kwamba simu ilipigwa, kwamba mimi ndiye niliyepiga, kwamba Anko Nyamai hakudanganya hata neno moja.

"Hapana," Wainaina alisema. "Niliona simu kwa macho yangu. Hakukuwa na kitu."

"Nilifuta."

Nyuma yake, juu, dirisha lilifunguka, lakini sikuthubutu kuangalia.

"Mama mzee alipiga magoti hapa," akasema. "Hapa hapa. Alinishika mguu. Mimi sijalala vizuri tangu siku hiyo. Na wewe ulikuwa wapi?"

Na hili nimeliruka katika hadithi hii yote, kwa sababu ukiwa ndiwe unayesimulia unaweza kujitoa mahali ukabaki msafi. Siku ile pia tulienda watatu: Susu alinichukua kwenye foleni ya maji, tukampitia Baba.

"Nilikuwa hapo ulipo sasa," nikamwambia. "Susu alipoinama alinipa mkoba wake nimshikie. Nikaushika."